Ufa Juu ya Nyumba

Mama Egidi alitumbukiza mpini wa jembe kwenye ufa uliokatisha shamba, juu kidogo ya nyumba yao. Jana mpini uliishia nusu. Leo ulizama wote na haukugusa chini.

Ilikuwa siku ya nne ya mvua. Zamani mteremko huu ulikuwa na mashimo ya ngoro ya kumeza maji. Mumewe aliyafukia pale wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, akabananisha kahawa kila mahali.

“Baba Egidi, mtoe mtoto ndani!”

Mumewe alicheka pale mlangoni. “Mizizi ya kahawa imeshika, mama. Shuka, uji unapoa.”

Hapakuwa na upepo. Lakini mibuni ya juu iliinama, ikafuata ya katikati, mstari kwa mstari, kuelekea mlangoni.