Kurejesha ni Ngazi Gani?

Wallahi hii ni kweli tupu, na nikiongeza chumvi, kahawa yenu juu yangu. Siku hiyo umeme ulikatika mji mzima, hata majogoo wakakosea saa. Bi Salha na Bwana Machano walikuwa wakipanga ngazi za cheti cha wasimamizi wa kompyuta za Unix.

"Kurejesha mafaili yaliyopotea tukuweke ngazi ya kwanza," akasema Salha.

"Thubutu! Hiyo ya mabingwa. Wanaoanza wajue kufuta tu, hivi!"

Machano akaandika amri kumwonyesha. Unix haikuulizi kama una hakika. Maswali yote ya mtihani, kazi yao ya mwaka mzima, yakayeyuka. Machano akatoka jasho mpaka kiti kikaelea.

"Salha, dada yangu, unayo nakala?"

"Ninayo. Lakini utairejesha wewe. Sogea nikufundishe."

Machano akaanza kuandika herufi mojamoja, akimwangalia Salha kila anapobonyeza. Faili la kwanza likachomoza kwenye skrini...

"Mzee Tindwa," Mwanahawa akanikatiza, "skrini iliwakaje, na umeme ulikatika mji mzima?"

Nikamwita muuza kahawa. "Jaza vikombe vyote."