Mji wa Nyani Usio na Chawa

Nyani walipomaliza kujenga mji, meya wao alipiga marufuku kutoana chawa.

"Huo ushamba!" alifoka. "Mstaarabu hukaa kitini, na mgongo wake ni wake."

Wakakaa vitini, wakawashwa, wakanuniana mwezi mzima. Baraza likashindwa kukubaliana hata mahali pa kuchimba kisima.

Siku moja kikaoni, chawa akamng'ata meya katikati ya mgongo, pale mkono usipofika. Akajisugua kwenye kiti mpaka kikavunjika.

"Bi Mwasiti," akamlilia karani wake, "nikune!"

"Na sheria je, mheshimiwa?"

"Nimeifuta! Nikune!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nyani wote wakashuka vitini, wakaketi mstari mmoja, kila mmoja akichambua mgongo wa mwenzake.

Kabla chawa hawajaisha, mahali pa kisima palikuwa pamepatikana.