Kuanzia Kulia

Zawena alikuwa akitafiti jinsi watu wanavyosoma hadithi za katuni zisizo na maneno. Picha nne alizokuwa akiwaonyesha alizichora mwenyewe, mumewe alipoondoka: mume na mke wakila, mume mlangoni na begi, mume njiani, mdogo kama nukta, kisha mke peke yake mkekani. Kila mtu alianzia kushoto, akamsikitikia yule mke.

Siku moja alizipeleka kwa Bi Mwanasiti, ambaye kusoma alijifunza katika chuo cha Kurani. Bibi akaanzia kulia, kama alivyozoea kusoma Kurani.

"Maskini, kakaa peke yake. Ehe! Kuna mtu anakuja kule njiani. Huyo, kafika mlangoni na begi lake! Na sasa wanakula." Akacheka. "Mwanamume gani huyu, katoka safari hata mikono hajanawa!"

Kalamu ya Zawena haikuandika kitu.

"Nimekosea, mwanangu?"

"Hujakosea, bibi."

Jioni alitandika mkeka, akapakua wali, akazipanga picha kando ya sahani. Akaanzia kulia. Kidole kilipofika kwenye picha ya mlango, akakisimamisha hapo, akatega sikio.