Jeni za Tunu

Homa ya mafua iliwapata Mashavu na mdogo wake Tunu siku moja. Tunu alipiga chafya mbili, akaendelea kumfulia dada yake shuka. Mashavu alilala siku nane.

Daktari aliyewapima damu aliwaeleza. "Kirusi kikiingia kwenye seli, seli huwasha jeni za kujikinga. Za Tunu ziliwaka siku ile ile. Zako, dada, zilichelewa."

"Hata damu yake ina kiherehere," alisema Mashavu, wivu umemkaba. Tunu alimtangulia kuolewa, na sasa hata ugonjwa ulikuwa umempendelea.

"Wewe nawe, dada, hata kuumwa tunashindana?"

Daktari alicheka. "Seli iliyoamka haikai kimya. Huzipelekea habari seli jirani, nazo ziwashe jeni zao kabla kirusi hakijafika."

Nje jua lilikuwa kali. Tunu alivua mtandio wake, akamfunika Mashavu kichwani, kisha akamshika kiwiko. Mashavu alizoea kuukung'uta mkono ule. Safari hii aliuacha pale, akisikia joto lake. Akapiga hatua moja, na Tunu akapiga moja.