Maji ya Kumwoshea Bibi

Jamani, bomba letu la kisasa linatujua kwa sura! Ukisimama mbele yake linakupa maji yako, na ni marufuku kumgawia mwenzio.

Asubuhi bibi yangu, Bi Mwanakombo, alikata roho. Hatujamfumba hata macho, simu yangu ikalia: "Mgao wa marehemu umefungwa."

Sasa tutamwosha na nini?

Mama akachukua ndoo, akasimama mbele ya bomba. "Nipe yangu."

Likauliza, "Ni ya matumizi yako?"

"Ni ya kumwoshea mama yangu."

"Ukimgawia, utafungiwa mwezi mzima."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Huyu kanibebea maji kichwani mpaka utosi ukaota upara, leo wewe chuma unanitisha? Fungua!"

Likafungua. Mara jirani yetu Mama Shomvi huyo, na ndoo ya maji kutoka bomba la kwake. "Shoga, ongeza na yangu. Nikifungiwa tutanuka wote!" Wakaja na wengine, mtaa mzima. Bibi akaoshwa, maji yakabaki.

Jioni hii mabomba yote ya mtaa ni makavu. Simu imeniletea ujumbe: "Mtaje aliyeanzisha."

Nimewajibu: "Bi Mwanakombo. Mfuateni."