Tumbo la Gavra

Panya alikuwa amerudi. Alilala kando ya bakuli la maji, amelowa chapachapa, na harufu yake ilikuwa imeshajaa sebule nzima. Gavra, chatu aliyemmeza juzi, alikuwa amejikunja kwenye kona ya mbali ya sanduku lake la kioo kana kwamba hayamhusu.

"Ametapika tena!" Momir alipiga kelele.

"Si nilisema?" alijibu mama mkwe wake, Radojka, kutoka jikoni alikokuwa akichoma pilipili hoho. "Panya wa kutoka kwenye friza! Hicho nacho ni chakula? Na ufunge huo mlango wa barazani, upepo utatumaliza humu ndani!"

Radojka alikuwa ametoka kijijini kuja kukaa nao hapo mjini Kikinda msimu wa baridi, na chupa zake za rakija, ile pombe kali ya matunda, za kunywa mbali na za kuchulia magoti mbali. Siku aliyofika alilitazama lile sanduku la kioo, akamtazama binti yake Slavica, akaguna. "Miaka yote hii nasubiri mjukuu, leo mnanionyesha mkanda." Tangu hapo kila akipita karibu na Gavra alipiga ishara ya msalaba, na Momir alimwacha, maana mama mkwe ni mama mkwe.

Lakini kabla ya mama mkwe huyo, Gavra hakuwahi kutapika hata siku moja.

Daktari wa wanyama, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimpapasa Gavra mbavuni akakunja uso.

"Amekonda vibaya. Akitapika mara nyingine, usinilaumu. Nyoka hana joto lake mwenyewe, Momir. Akipoa, chakula kinamwozea tumboni. Au kuna mtu anamshikashika akishakula?"

"Nani amshike? Mke wangu anamwogopa. Mama mkwe wangu ndiyo usiseme."

"Basi tatizo ni joto. Mpumzishe tumbo kwanza, halafu umpe panya mdogo. Akishameza, asiguswe mpaka keshokutwa."

Momir alirudi na Gavra nyumbani mbio, akapiga magoti mbele ya sanduku. Waya wa mkeka wa umeme, ule wa kumpashia Gavra joto, ulikuwa umechomolewa ukutani. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa, yote, kwa ustadi kabisa. Akaingiza kichwa ndani, akanusa. Rakija! Sanduku zima linanuka rakija.

"Mama, nani kachomoa huu waya?"

"Mimi najuaje mambo ya waya zenu?" Radojka hakuinua hata macho. Aliendelea kumenya pilipili zake.

Jioni Momir alimvutia Slavica chumbani, akafunga mlango.

"Mama yako anamuua Gavra."

"Umechanganyikiwa wewe? Mama amuue mnyama?"

"Mama yako huchinja kuku huku anaongea na simu, Slavica! Anamgandisha kwa baridi, anamziba pumzi, na sasa anamnywesha pombe."

Slavica alitaka kucheka, lakini alipoona macho ya mumewe yamelengwa na machozi, aliacha. Alijua Momir alivyompenda nyoka yule. Miaka ile migumu, walipotoka hospitali kila mara mikono mitupu, Gavra ndiye aliyekuwa akimzunguka Momir mkononi akatulia, bila kuuliza wala kutoa pole.

"Nipe ushahidi," alisema hatimaye. "Ukinionyesha kwa macho yangu, nitampeleka mama stendi mimi mwenyewe. Lakini kama unamsingizia, Momir, sitakusamehe."

Ndivyo walivyokubaliana, na hakuna aliyelala vizuri.

Tumbo la Gavra lilipokwisha kupumzika, Momir alimpashia panya mdogo kwenye maji ya moto. Gavra alimnyakua, akajiviringisha kumzunguka, akammeza polepole, uvimbe ukateremka hadi tumboni. Momir aligusa mkeka: una moto. Akautazama waya: umechomekwa. Akang'oa vitambaa vilivyokuwa vimerudishwa matunduni, akavaa koti.

"Mama, naenda kazini!"

"Vaa na kofia!"

Aliubamiza mlango kwa makusudi, akateremka ngazi akikanyaga kwa nguvu, kisha akapanda tena kwa kunyata. Akafungua mlango taratibu, akavua viatu, akaingia na soksi, simu mkononi inarekodi.

Sanduku la kioo lilikuwa wazi. Waya umechomolewa. Gavra hayupo.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mkono ukipiga nyama: pa, pa, pa. Nimechelewa, aliwaza, nimemtoa kafara mwenyewe, kwa ajili ya ushahidi. Akausukuma mlango.

Radojka alikuwa amesimama karibu na jiko, ameupa mlango mgongo, chupa ya rakija ya kuchulia magoti ikiwa wazi pembeni yake. Gavra alikuwa amefungwa ndani ya shali ya sufu, kichwa kinaning'inia begani kwa bibi juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na ule mkono mkavu wa kizee ulikuwa ukimpigapiga mgongoni, huku mwenyewe akiyumbayumba taratibu.

"Cheua, roho ya bibi, cheua kwanza," alikuwa akimbembeleza. "Huyo baba yako anakushindilia chakula, halafu hivyo hivyo anakulaza juu ya umeme. Hawajui kulea hawa, mwanangu. Hawajui kabisa."