Tone la Siki

Bi Mwanakheri hakuwahi kuandaa chaza wa kuliwa wabichi bila kuwadondoshea siki mmoja mmoja: aliye hai hujikunja, asiyejikunja amekufa, ni sumu, hutupwa. Leo, kwa kiherehere cha kuwapokea wakwe, alichanganya siki, vitunguu na pilipili, akawamiminia wote siniani kwa mkupuo.

Sinia lilipokwisha kupelekwa ndipo alipokumbuka. Akawafungua waliobaki ndooni, akawadondoshea. Hakujikunja hata mmoja.

Alikimbilia sebuleni.

"Mama, umechelewa!" bintiye Salha alicheka. "Wageni wamefagia sinia zima. Huyu wa mwisho ni wa bwana harusi."

Bi Mwanakheri alinyoosha mkono amzuie. Salha alikuwa ameshalifikisha gamba mdomoni mwa mumewe. Siki ilichuruzika kwenye kanzu nyeupe. Ndani ya gamba, chaza ametulia tuli.